Imani Huja kwa Kusikia. Na Kiziwi Je?

Katika kanisa letu dogo hapa Kilwa Kivinje, benchi la mwisho upande wa dirishani lilikuwa na mwenyewe. Kwa miaka saba alikaa hapo kijana mmoja kiziwi, fundi wa kukalafati mashua, pamoja na mama yake. Tuliposimama, alisimama. Tulipoketi, aliketi. Tulipoimba, aliweka kiganja juu ya benchi la mbele yake apate mtikisiko wa ngoma. Tulipopiga magoti aliinamisha kichwa, na mara nyingi alikiinua kabla yetu, akatazama kama tumemaliza, akakiinamisha tena. Baada ya ibada tulimpa mkono, tukamchekea, tukaenda zetu. Kama mtu angetuuliza kijana yule anaijua Injili kiasi gani, tungejibu, "Huyu hakosi ibada." Hatukuona kwamba hilo halikuwa jibu.

Kisha likaja juma la maombi. Siku ya mwisho, bila kumwuliza yeye wala mama yake, tulimshika mkono tukamleta mbele. Tukamzunguka, tukamwekea mikono kichwani, wengine wakamziba na kumzibua masikio, na sote tukaomba kwa sauti kubwa tuliyokuwa nayo. Yeye alikuwa anatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine: macho yamefumbwa, midomo wazi, jasho linatiririka, mishipa ya shingo imesimama. Akaanza kulia. Tulipoyaona machozi tulizidi kupaza sauti, maana tulidhani Roho ameanza kazi. Kijana akajichomoa katikati yetu, akatoka kwa mlango wa pembeni, na benchi la dirishani likakaa wazi karibu mwaka mzima.

Jumapili iliyofuata mama yake alikuja peke yake. Hakutulaumu. Alisema tu, "Wazee wangu, mwanangu ananiuliza amekosa nini, nami sina namna ya kumjibu."

Makala hii imetokana na maneno ya mama yule. Tunaiandika kwa ajili ya washarika wenzetu, hasa wale wa sharika ambazo zinataka kuanza huduma kwa viziwi, kwa sababu katika kutafuta jibu lake tulikutana na swali jingine kubwa kuliko tulivyotarajia: je, kumpelekea mtu Neno la Mungu na kumpa lugha ni kazi moja, au ni kazi mbili?

Kusikia ni nini

Sisi tuliokulia kanisani tunalijua fundisho la Mtume Paulo katika sura ya 10 ya Waraka kwa Warumi, kwamba imani hutokana na kusikia, na kwamba watu hawawezi kumwamini yule ambaye hawajapata habari zake. Kwa karne nyingi wapo Wakristo waliolisoma fundisho hilo kama mlango uliofungwa. Ikiwa imani huingia kwa sikio, walisema, basi aliyezaliwa sikio lake limeziba hana pa kuipokelea. Hata sisi, ingawa hatukuwahi kusema hivyo kwa kinywa, tulikuwa tunaishi hivyo. Ndiyo maana tulipotaka kumsaidia kijana wetu, wazo la kwanza lilikuwa kumfungua masikio. Hakuna aliyewaza kumfikia kwa macho.

Lakini Paulo haishii hapo. Mstari mmoja tu mbele anauliza kama watu hawakusikia, na anajibu kwa kuikumbuka Zaburi ya 19, ile ya mbingu zinazotangaza utukufu wa Mungu. Na mwimbaji wa zaburi hiyo anakiri kwamba mbingu hazina usemi wala sauti ya kusikika, na bado habari zao zimeenea duniani pote. Basi katika sura ileile tunayoitumia kumfungia kiziwi mlango, mhubiri anayetajwa ni mhubiri asiye na sauti, na hupokewa kwa macho.

Hata lugha yetu ingeweza kutufundisha, kama tungeisikiliza. Kiswahili hakikulifunga neno kusikia ndani ya sikio. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya vumba kabla hatujafika ufukweni, tunasikia maumivu na tunasikia raha. Kijana wetu anapopigilia pamba katikati ya mbao za mashua, fundi wake mkuu hujua kwa mlio wa nyundo kama pamba imekaa. Yeye huweka kiganja ubavuni mwa chombo, akajua vilevile. Wavuvi wa hapa humpa vyombo vyao naye hawavujishi. Amesikia kazi yake.

Ila lugha hiyohiyo imetuwekea na mtego. Tukisema "mtoto huyu hasikii", mara nyingi tuna maana kwamba ni mkaidi. Tunao msemo wa asiyesikia la mkuu na kuvunjika kwake mguu. Kutosikia na kutotii vimekaa katika neno moja, na asiye mwangalifu huvichanganya hata moyoni. Pengine ndiyo sababu siku ile ya maombi tulikemea. Kijana aliona watu wanaomkemea, akatafuta kosa lake. Hakukosea sana kutuelewa.

Tuliporudi kwenye Injili ya Marko, sura ya 7, tuliona aibu. Bwana Yesu alipoletewa kiziwi, jambo la kwanza alilofanya ni kumtoa katika umati na kwenda naye kando. La pili, alitumia mikono: aligusa masikio yake, akagusa ulimi wake, akatazama juu mbinguni. Kabla ya kutamka neno lolote alikwisha kumweleza mtu yule, kwa alama anazoweza kuziona, ni nini atakachotenda na nguvu yake inatoka wapi. Neno la kinywa lilikuja mwisho. Sisi tulimtoa kando tukamleta kwenye umati, tukaanza na kelele, na hatukumweleza lolote.

Wala Kanisa halikukosa waliolijua jambo hili zamani. Mwaka 1520, katika andiko lake juu ya Meza ya Bwana, Martin Luther alijibu watu waliouliza kama viziwi wapewe sakramenti. Alifundisha kwamba mwenye akili timamu, akionyesha kwa ishara zilizo wazi kwamba anaitaka kwa moyo wa Kikristo, asinyimwe, na yaliyo kazi ya Roho Mtakatifu aachiwe Roho. Ni zaidi ya miaka 500 sasa.

Mikono nayo ina lugha

Tulikuwa na binti mmoja wa usharika aliyesomea ualimu wa elimu maalumu. Aliporudi nyumbani kusubiri kupangiwa kazi, tulimwomba atufundishe alama chache za "kumsaidia kijana yule". Somo la kwanza lilikuwa kuturekebisha sisi. Alituambia tuache kumwita mtu bubu. Neno wanalolikubali wenyewe ni kiziwi. Akatuambia tuache kupiga kelele, maana kelele hukunja uso, na uso ni sehemu ya maneno. Na akatuambia kwamba lugha ya alama si Kiswahili kilichowekwa mikononi. Ni lugha, ina sarufi yake, na alama moja ikibadilishwa mahali pake au mwendo wake huwa neno jingine.

Mengi tuliyoyasikia hapo yalikuwa mapya kwetu, ingawa yana umri mkubwa katika nchi hii. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na waliofungua ni Kanisa Katoliki. Mwaka 1974 ikaja ya Buguruni, Dar es Salaam, na mwaka 1981 Kanisa la Kilutheri likafungua ya Mwanga, Kilimanjaro. Katika mabweni ya shule kama hizi watoto waliokuja kila mmoja na ishara za kwao walikutana, na alama zikakua. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimekuwa kikiitetea lugha hiyo tangu miaka ya 1980. Mwaka 2004 ilitoka kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyoandaliwa na Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Jirani zetu Kenya, katika katiba ya mwaka huohuo wa 2010, wameifanya lugha yao ya alama kuwa mojawapo ya lugha za Bunge.

Tulijifunza pia kwamba wasikiao wanaweza kuitia lugha hii kifungoni huku wakidhani wanatenda wema. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali, karibu wote watu wanaosikia, walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kutamka na kutazama midomo, na alama ziondolewe madarasani. Vizazi vya watoto wakafungwa mikono. Ni mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, ndipo mkutano wa walimu hao ulipoyakataa maazimio yale. Miaka 130 kati ya kosa na kukiri kosa.

Lakini mtoto kiziwi wa Kivinje hajui Milan wala Tabora. Shule ziko mbali. Baba yuko baharini, mama yuko kwenye mihogo au anakaanga samaki sokoni. Nyumbani wana ishara zao: kula, lala, njoo, maji, fimbo. Kwa ishara hizo mtoto hulelewa na kupendwa kweli, lakini haziwezi kubeba kesho kutwa, wala kwa nini, wala nisamehe. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufika miaka kumi na miwili hajawahi kuuliza swali hata moja, si kwa kukosa la kuuliza.

Tukaamua kuwa na darasa kila Jumamosi, kwa wote. Walianza watoto watano wakafika tisa, pamoja na ndugu zao wanaosikia. Kijana wetu wa kalafati hakuja mwanzoni. Baadaye alianza kupita mbali kidogo, akisimama chini ya mwembe na zana zake begani. Siku moja akakaa.

Mama aliyesimama mlangoni

Mji wetu una Waislamu wengi, na sisi Wakristo ni wachache kati yao. Tunazikana, tunaozana, tunaazimana sufuria za shughuli. Katika watoto tisa wa Jumamosi, saba walitoka katika nyumba za Kiislamu.

Jumamosi ya tatu au ya nne, mama wa mmoja wao alisimama mlangoni asitake kuingia. Alimwamkia mzee wetu wa kanisa, "Shikamoo, mzee," kisha akauliza kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Naomba nijue. Mwanangu mnamfundisha kusema, au mnamfundisha dini yenu?"

Mzee wetu alimjibu, "Tunamfundisha kusema, mama." Mama akasema, "Na mkishamfundisha kusema?" Mzee akanyamaza. Jioni ile tulikutana, na mkutano ulikwenda mpaka usiku.

Wapo kati yetu waliosema, na walisema kwa moyo safi: Bwana ametuagiza kwenda kwa mataifa yote. Watoto hawa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba Mungu anawapenda. Sasa Mungu mwenyewe ametuletea hadi mlangoni. Tukiwafundisha samaki na sufuria na shilingi, tukaacha kuwaambia habari za Yesu, tutakuwa tumewapa maji tukawanyima Maji ya Uzima. Wakauliza: mwenye njaa ukimpa mkate, kuna dhambi gani kumwambia mkate umetoka kwa nani?

Hoja hiyo haikuwa ndogo, wala hatusemi hivi kuwadhihaki walioitoa. Wengi wetu tulikuwa upande huo tulipoingia.

Upande wa pili alianza mama mmoja mwuza maandazi, mtu asiyesema mara nyingi kikaoni. Alisema: "Mwenye njaa anaweza kuukataa mkate wangu akaenda kwa jirani. Mtoto huyu ataenda kwa nani? Alama zote anazozijua zimetoka kwetu. Tukimpa neno Mungu kwa maana yetu peke yake, atalikataa kwa neno gani?"

Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana

Tulilitafakari neno lile kwa majuma kadhaa, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Imani tunayoihubiri ni jibu. Mungu huita na mtu huitika. Bwana Yesu aliye na uwezo wote alimwuliza kipofu wa Yeriko anataka atendewe nini, ingawa kila aliyekuwepo aliona kwa macho yake yule ana haja gani. Kijana tajiri alipoondoka kwa huzuni, Bwana alimpenda, akamwacha aende. Katika Ufunuo anaonekana amesimama mlangoni anabisha hodi, na anayebisha hodi amekubali kwamba mwenye nyumba anaweza asifungue. Kama Bwana mwenyewe anaiheshimu hapana ya mwanadamu, sisi watumishi wake hatuna ruhusa ya kuichukua.

Sasa, mtoto asiye na lugha ana ndiyo na hapana za chakula na usingizi tu. Kwa mambo ya moyo bado hajapewa kifaa cha kukataa. Tukimpa lugha na dini katika kikombe kimoja, atakunywa vyote kwa sababu ana kiu. Tutahesabu tumepata roho, kumbe tumepata kiu. Ndiyo yake haitakuwa uongo, lakini haitakuwa imani bado, maana hakuwa na njia nyingine ya kupata maneno.

Na ufukwe huu tunaokaa una kumbukumbu zake. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikaishia Kivinje, ikiwa na watu waliofungwa shingo, ambao hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Hatulinganishi darasa la Jumamosi na jambo lile. Ingekuwa dharau kwa waliopita humo. Tunasema tu kwamba watu wanaoishi mahali kama hapa wanapaswa kuogopa, kuliko wengine, kumpeleka mtu popote bila kumwuliza, hata kama tunakompeleka tunakujua kuwa ni kuzuri.

Basi tukatenganisha. Jumamosi ni lugha. Darasa liko wazi, mzazi yeyote akae ndani asikie na kuona kila kitu. Tunafundisha jamaa, mwili, maradhi, fedha, siku, hasira, furaha, kwa nini, sitaki. Alama ya sitaki tuliiweka miongoni mwa za kwanza kwa makusudi, na wazazi wengine wametulaumu kwa hilo, kwa kicheko na bila kicheko. Jumapili ni ibada, yenye mkalimani, naye anayetaka huja kama mtu mwingine yeyote anavyokuja. Mtoto huja kwa idhini ya mzazi wake. Hatumfichi mtu kwamba sisi ni Wakristo. Msalaba uko ukutani. Ila darasa si chambo.

Hatukujua kama tunaamini tuliyoamua mpaka yalipojaribiwa. Miezi michache baadaye alikuja mwalimu wa madrasa, mjomba wa mmoja wa watoto. Aliomba tumfundishe alama za kutawadha, za rakaa, na za kumweleza mtoto maana ya kufunga, kwa sababu kijana alikuwa anakaribia kubaleghe naye hajui lolote la dini ya kwao.

Tungekuwa waongo kusema tulifurahi wote. Wawili kati yetu waliondoka kikaoni, na mmoja alikaa mbali na sisi kwa muda mrefu. Swali lilikuwa zito kweli: tutoe jasho letu litumike kufundisha imani isiyo yetu? Lakini kama jibu ni hapana, basi mama aliyesimama mlangoni alikuwa amesema kweli juu yetu, na mzee wetu alikuwa amemdanganya. Lugha si mali ya usharika. Baba wa mbinguni huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, wala haiulizi mvua shamba hili la nani. Tukamfundisha mwalimu yule. Alama nyingine hatukuwa nazo, tukamwelekeza awatafute Waislamu viziwi, wanaozijua.

Je, tumeacha kumshuhudia Kristo? Tumelitazama jambo hili mara nyingi, na tunaamini tumemshuhudia. Mtoto mwenye lugha ataweza siku moja kuyapima maneno yetu, kuyauliza, kuyakubali au kuyakataa. Huyo ndiye mtu anayeweza kuhubiriwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunajihubiria wenyewe mbele yake.

Wahubiri wenyewe

Kuna jambo jingine tulilolichelewa. Tulipozungumza juu ya "huduma kwa viziwi" tulijiona sisi ndio wenye kupeleka nao ndio wenye kupelekewa. Historia ya huduma hii katika Afrika inasema vingine. Mtu aliyefungua shule nyingi za viziwi barani humu alikuwa kiziwi mwenyewe: Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Alihitimu Chuo cha Gallaudet mwaka 1954, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Mwaka 1957 alifika Ghana, akaanza kwa kuazima madarasa saa ambazo watoto wanaosikia wamekwenda nyumbani. Hadi alipokufa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa amefungua shule zaidi ya thelathini katika nchi nyingi za Afrika. Alihubiri, na shule zake zilitanguliza lugha, kusoma na kuandika. Alileta alama za Marekani, na wapo leo wanaosema zilizisukuma kando alama za wenyeji katika nchi kadhaa. Hata mtumishi mwema hubeba vya kwao mkobani. Lakini hakuna aliyemtazama Foster akasema viziwi ni shamba la kulimwa na wengine.

Vivyo hivyo kwa Maandiko. Biblia nzima ya kwanza katika lugha ya alama ilikamilika mwaka 2020, nayo ni ya Marekani; ni Biblia ya kutazamwa, imerekodiwa kwa video, na viziwi wenyewe walishiriki kuitafsiri. Katika lugha nyingine nyingi za alama kazi bado. Siku ya Pentekoste wageni wa Yerusalemu hawakuambiwa wajifunze kwanza lugha ya Wagalilaya. Kila mmoja alipata matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kiziwi ana haki gani ndogo kuliko ya Mparthi na Mmedi?

Bado

Washarika mtakaotaka kuanza, tunawaambia machache ambayo tumeyapata kwa kukosea. Mpeni kiziwi benchi la mbele penye mwanga, si la nyuma. Mhubiri asizungumze amegeukia ukuta au ameziba mdomo kwa kitabu. Msimwombee mtu kabla hamjamwuliza kama anataka na anataka kuombewa nini. Msimtegemee mkalimani mmoja; washarika kumi wenye alama hamsini kila mmoja ni ushirika, mkalimani mmoja peke yake ni daraja ambalo akiugua limevunjika. Na mzazi wa imani nyingine akiuliza mnachofundisha, mwambieni kweli yote mlangoni.

Kijana wetu wa kalafati alirudi kwenye ibada baada ya miezi mingi ya Jumamosi. Siku alipokuwa na alama za kutosha alitusimamisha nje, akauliza swali alilolibeba muda wote ule. Binti yetu alilitafsiri polepole: siku ile, mlikuwa mnanigombeza kwa nini?

Wazee watatu wa kanisa walisimama mbele yake wakatafuta alama. Hawakuwa nazo nyingi. Wakasema tulikosa, tunaomba samahani. Akatutazama usoni, kama alivyotutazama siku ile, mmoja baada ya mwingine. Kisha akampa mkono kila mmoja.

Amejifunza mengi tangu wakati huo. Amesimuliwa habari za Yesu, na alipofika penye msalaba aliuliza maswali ambayo yalimpeleka mchungaji kwenye vitabu vyake. Mwezi uliopita mchungaji alimwuliza kama yuko tayari kuingia darasa la ubatizo. Kijana alifikiri, akajibu kwa alama moja: bado.

Mama yake alihuzunika kidogo. Sisi tulimshukuru Mungu, kwa sababu katika miaka saba aliyokaa kwenye benchi la dirishani asingeweza kutujibu hivyo. Tunaendelea kumwombea, safari hii kwa ruhusa yake, na Jumamosi darasa linaendelea.